Mpanda Ngazi Hushuka: Namna ya Kuyapanga Masomo ya Sarakasi kwa Watoto na Vijana Wetu



Juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengi wenu hamkutarajia kulikuta katika safu hii, nalo ni sarakasi. Likizo ya mwisho wa mwaka inakaribia, na katika mitaa yetu wamejitokeza vijana wenye ari wanaotaka kuwafunza watoto kupinduka, kurusha mipira na kujenga minara ya watu. Kina mama wametuuliza, baadhi yao kwa hofu na baadhi yao kwa matumaini: je, tuwapeleke wana wetu? Na tukiwapeleka, tutajuaje kwamba pale pana mafunzo yenye mpango, si pahali pa kwenda kuvunjika shingo?

Suali la kwanza tunaona limekwisha kujibiwa na watoto wenyewe. Nendeni ufukoni jioni ya Jumapili, maji yakiwa yamekupwa, mtawakuta wavulana wa miaka 12 na 13 wakikimbia juu ya mchanga na kupiga samasoti, mmoja baada ya mwengine, na wadogo zao wakiwatazama ili kesho wafanye vivyo hivyo. Hakuna aliyewafunza. Wameona kwa wakubwa wao, au wameona katika simu. Basi hiari tuliyo nayo si baina ya mtoto kucheza na mtoto kutocheza. Hiari yetu ni baina ya kucheza mbele ya macho ya mtu mzima anayejua, na kucheza nyuma ya ukuta ambako akiumia wenzake watakimbia kwa woga.

Wapo wazee wenzetu wanaosema kwamba sarakasi ni upuzi wa kuwachekesha watalii mahotelini. Tunawaheshimu, lakini tungependa watazame mbali kidogo. Kusini mwa Moroko, katika nchi ya Sus, kuna kaburi na zawiya ya Sidi Ahmad u Musa, mcha Mungu aliyeishi karne ya 16. Wanasarakasi mashuhuri wa nchi ile wamejinasibisha naye kwa vizazi vingi na kujiita wana wake, na katika karne ya 19 walifika Ulaya na Marekani wakijulikana kwa kupinduka na kwa minara yao ya watu. Karibu na kwetu, mwaka 1965 serikali ya Tanzania ilipeleka vijana 20 China kujifunza sarakasi. Walikaa huko takriban miaka minne kabla ya kurudi kuunda kikundi cha taifa. Mjini Kabul, mwaka 2002, baada ya miaka mingi ya vita, ilianzishwa sarakasi ya watoto iliyowafunza wavulana na wasichana kurusha mipira na kupinduka, na maonyesho yao yakazunguka mikoani yakifundisha watu juu ya malaria na mabomu ya kutegwa ardhini. Wapalestina nao wana shule yao ya sarakasi tangu mwaka 2006. Watu hawa wote hawakuuona mchezo huu kuwa upuzi, wala hawakuufanya kwa papara. Tutazame wale vijana wa Tanzania: miaka minne, si wiki nne.

Faida zake tumeziona kwa macho yetu. Mtoto mnene anayechekwa katika mbio, hapa ndiye nguzo ya mnara, na bila yeye hakuna anayepanda. Mdogo asiyechaguliwa katika mpira, hapa ndiye anayesimama juu. Mwenye haya, asiyefungua kinywa darasani, hupewa mipira mitatu na pembe yake, na baada ya majuma mawili ana kitu ambacho wenzake hawana. Mpira ukianguka mara mia, haumdhuru mtu. Mtoto huuokota na kuanza tena, na kuokota huko ndiko kunakomjenga. Zaidi ya yote, mtoto hujifunza kwamba uzima wa mwenzake umo mikononi mwake, na uzima wake umo mikononi mwa mwenzake. Hilo ni somo ambalo maneno matupu hayalifikishi.

Lakini faida hizi haziji kwa bahati. Zinakuja kwa mpango, na mpango mzuri tunaweza kuufupisha kwa methali moja ya wazee wetu: mpanda ngazi hushuka. Methali hii kwa kawaida huambiwa mwenye kiburi. Sisi leo tunaichukua kwa maana yake ya wazi kabisa. Kila mtoto anayepanda juu ya bega la mwenzake atashuka, apende asipende. Anayeruka atatua. Anayetembea juu ya kamba atatoka juu yake, ama mwisho wa kamba ama katikati. Kwa hivyo mwalimu mwenye akili huyaanza mafunzo yake kutoka mwisho: hufunza kuanguka kabla ya kuruka, na kushuka kabla ya kupanda. Mwalimu asiye na akili hufunza kinachopendeza macho, na kushuka akakuachia wewe na bahati yako.

Tuanze na mwalimu mwenyewe. Kujua kuruka si kujua kufunza. Kijana aweza kupiga samasoti tatu mfululizo na asijue kumweleza mtoto wa miaka saba namna ya kuweka kidevu chake. Msimpime kwa maonyesho yake. Mpimeni kwa namna anavyoshughulika na mtoto dhaifu kuliko wote: je, ana hatua ndogo ya kumpa, au anamwambia tu ajikaze? Muulizeni amefunzwa na nani, na kama amejifunza huduma ya kwanza. Mtakeni pia cheti cha polisi cha mwenendo mwema kinachotolewa na idara ya DCI. Hakuna utovu wa adabu katika kumwomba mtu karatasi hiyo. Mtu mwema hufurahi kuonyesha. Na kwa kila watoto wanane tungependa awepo mtu mzima mmoja, wala mwalimu asibaki peke yake na kundi hata kama ni dogo, kwani mmoja akiumia, nani atabaki na wengine?

Pili ni mahali. Mchanga wa ufukoni ni neema, lakini una siri zake. Mchanga mkavu ulio laini ni mzuri kwa kujifunza kuanguka. Mchanga uliolowa na kushikana ni mgumu kama sakafu. Kabla ya kila somo watoto na mwalimu wapite pamoja wakiokota vigae vya chupa, mawe, miiba na ndoana, na ajulikane mapema wakati wa maji kujaa. Ikiwa ni ndani ya ukumbi au ua, msidanganyike na magodoro ya kitandani. Godoro nene la sponji humeza mguu, na kifundo kikateguka. Magodoro mawili yaliyowekwa pamoja huachana, na mguu ukaingia katikati. Mikeka minene ya mazoezi ndiyo inayofaa. Ikikosekana, basi yafanywe yale tu yanayowezekana chini, na hayo ni mengi. Pwani yetu ina joto, kwa hivyo kuwe na kivuli na maji ya kunywa. Wakati mzuri ni baada ya saa kumi jioni, na mwisho wa somo upangwe mapema kiasi cha watoto kufika nyumbani kabla ya Magharibi. Ratiba isigongane na madrasa. Mtoto asilazimishwe kuchagua baina ya walimu wawili.

Tatu ni daftari. Siku ya kwanza liandikwe jina la mtoto, umri wake, nambari za simu za watu wawili wa nyumbani, na maradhi aliyo nayo. Mama, usifiche. Mwenye pumu aje na dawa yake. Mwenye kifafa asipandishwe juu. Mwenye selimundu aende kwanza kwa daktari wake, na akiruhusiwa apewe maji mara kwa mara na apumzike kabla ya kuchoka. Daftari hilo hilo liandikwe kila juma mtoto amefikia hatua gani, ili mwalimu asimpandishe cheo kwa kukisia.

Nne ni kugawa makundi. Watoto wa miaka 5 hadi 7 hawawezi kufunzwa na vijana wa miaka 15. Akili zao na mifupa yao si mamoja. Wadogo hawa somo lao lisizidi muda wa saa moja, na liwe mchezo mtupu: watambae kama kaa, waruke kama chura, wabingirike kama gogo, watembee juu ya kamba iliyolazwa sakafuni. Wa miaka 8 hadi 11 wana kiu ya kujua na subira ya kurudiarudia. Hao ndio wenye umri mzuri wa kuweka misingi, na saa moja na nusu inawatosha. Wa miaka 12 na kuendelea wanataka kupewa changamoto na heshima. Nao tutarudi kwao.

Sasa somo lenyewe la saa moja na nusu lipangweje? Dakika 5 za kwanza watoto wakae duara, waitwe majina, waulizwe nani anaumwa. Dakika 15 ni za kupasha mwili moto kwa michezo ya kukimbia, kisha kuzungusha mabega, vifundo vya mikono na vya miguu. Dakika 20 ni za misingi: kuanguka, kubingirika, kujishikilia kwa mikono. Kisha dakika 30 za ujuzi, na hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu. Huwapanga watoto 20 katika mstari mmoja mbele ya mkeka mmoja. Mtoto anaruka mara moja, kisha anangoja zamu 19. Katika kungoja huko ndimo mnamozaliwa ugomvi na ajali. Dawa yake ni vituo. Kituo kimoja wanapinduka wakiwa na mwalimu, cha pili wanarusha mipira, cha tatu wanasimamisha fimbo juu ya kiganja, cha nne wanatembea juu ya kamba ya sakafuni. Kila baada ya muda makundi yanabadilishana. Yale yanayohitaji mkono wa mtu mzima yawe katika kituo kimoja tu kwa wakati mmoja. Dakika 10 wacheze walichojifunza mbele ya wenzao, na dakika 10 za mwisho wanyooshe viungo taratibu, mwili ukiwa umepata moto, kisha wakae na kupumua. Mwalimu asimkalie mtoto mgongoni ili afike chini. Mwili haufunguliwi kwa nguvu.

Tuje kwenye ngazi za kila ujuzi, na tuanze na kupinduka. Ngazi ya kwanza ni kubingirika ubavu, mwili ukiwa umenyooka. Ya pili ni kukaa chini, kukumbatia magoti, na kujirudisha nyuma na mbele kama mashua inayoyumba, kidevu kikiwa kifuani. Ya tatu ni kupiga kichwangomba juu ya mteremko mdogo, mikono ikibeba uzito na kisogo kikigusa mkeka kwa wepesi tu, na mgongo ukiwa mviringo. Ya nne ni hicho hicho juu ya mahali tambarare. Sambamba na hayo mtoto hufunzwa kutua: miguu yote miwili, magoti yamekunjwa, macho mbele. Hufunzwa pia kwamba akianguka nyuma asijizuie kwa mkono ulionyooka, maana hapo ndipo unapovunjika mkono au kiwiko. Ajikunje na abingirike. Samasoti ya hewani, ile wanayoipenda wote, iko mbali sana juu ya ngazi hii. Katika masomo ya likizo moja haifai kuwemo. Mwalimu akikuahidi kwamba mwanao atapiga samasoti kwa wiki mbili, mchukue mwanao urudi naye nyumbani.

Ujuzi wa kurusha na kudaka ndio tunaoupenda zaidi kwa mwanzo, kwa sababu hauna hatari na hauhitaji gharama. Chukueni vipande vya mtandio mwembamba, ule wa kitambaa kinachoelea. Kitambaa hushuka polepole na kumpa mtoto muda wa kufikiri. Aanze na kimoja, kutoka mkono huu hadi mkono huu, kikipita juu ya kichwa. Kisha viwili: arushe cha kwanza, na kikifika kileleni arushe cha pili. Kisha vitatu. Akishaujua mwendo huo, ahamie kwenye mipira, na tena aanze na mmoja. Mipira ishoneni nyumbani kwa soksi kuukuu iliyojazwa choroko au mchele, kiasi cha kujaa kiganja. Mpira wa namna hiyo ukianguka haubingiriki ukapotea chini ya kabati. Mtoto akikwama, mara nyingi ni kwa sababu anaupitisha mpira wa pili kutoka mkono kwa mkono badala ya kuurusha juu. Mwambie arushe miwili na aiache ianguke bila kudaka, asikilize tu milio yake: pu, pu. Sauti zikiachana sawasawa, mikono imeanza kuelewa. Na katika kusimamisha fimbo au ufagio juu ya kiganja, siri ni moja: macho yatazame ncha ya juu, si mkono.

Ama mnara wa watu, huo ndio mtihani wa mwalimu. Uanze na watatu tu, wawili chini na mmoja juu. Walio chini wapige magoti na kuweka viganja sakafuni, mikono ikiwa imenyooka chini ya mabega na mapaja yakiwa wima, mgongo ukiwa sawa kama meza. Anayepanda avue viatu, aweke uzito wake juu ya nyonga za mwenzake na juu ya mabega, abadan asikanyage katikati ya mgongo. Wazito na wenye nguvu wawe chini, wepesi wawe juu, na mtu mzima asimame karibu mikono ikiwa tayari. Na kabla mtu hajapanda, watoto wote wajifunze neno moja: “Shuka!” Aliye chini akiumwa, analisema, aliye juu akilisikia, anashuka pale pale kwa njia aliyopandia, bila ya kuuliza na bila ya kurukia mbali. Neno hilo lifanyiwe mazoezi mara nyingi kuliko mnara wenyewe. Mtoto asichekwe kwa kulisema. Kundi linalomcheka aliyesema “Shuka” bado halijafaa kujenga mnara.

Likitokea la kutokea, mtoto akaangukia kichwa au akalalamika shingo, asinyanyuliwe, asiketishwe, asipewe maji. Aachwe alivyo, mtu amshikilie kichwa kisitikisike, na gari la wagonjwa liitwe. Aliyegonga kichwa kisha akatapika, akawa na usingizi usio wa kawaida au akazungumza ovyo, apelekwe hospitali upesi. Nambari za simu za dharura ziwe zimeandikwa ukutani siku ya kwanza, wala si za kutafutwa siku ya msiba.

Tulisema tutarudi kwa vijana. Umri wa kubaleghe una jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mifupa hurefuka upesi kuliko misuli inavyoweza kuifuata, na kijana aliyekuwa mwepesi kama paka mwaka jana, mwaka huu anajikwaa katika kizingiti. Anapoteza hata yale aliyokuwa akiyaweza, magoti na visigino vinamuuma, naye huona haya. Mwalimu asimseme kwa uvivu. Apunguze miruko, amrudishe kwenye misingi kwa muda, na ampe kazi ya heshima: asaidie kuwafunza wadogo, ashike daftari la kituo, apange maonyesho. Kijana akipewa dhamana hujiona mtu. Na akishapita misingi, achague mwenyewe ujuzi mmoja wa kuushikilia, kama mironjo, mipira au mizani ya watu wawili, maana kijana hudumu katika alichokichagua.

Watoto wetu wa kike nao wana haki yao katika haya. Tunaloliomba ni mpangilio, wala si kunyimwa. Wasichana wakubwa wapewe saa yao na mwalimu wa kike, ndani ya ua au ukumbi uliositirika. Mavazi yawe suruali pana iliyobana kwenye vifundo na shati refu lililochomekwa, kwani kitambaa kinachoning'inia hukanyagwa. Hijabu iwe ile ya kuvaa moja kwa moja isiyohitaji pini. Pini karibu na shingo ya mtoto anayebingirika ni hatari ya wazi. Hereni, bangili na mikufu ibaki nyumbani, kwa wote.

Katika kumsaidia mtoto, mwalimu hulazimika kumshika. Kwa hivyo kuwe na kanuni: mwalimu aseme kabla, “nitakushika mgongoni na begani”, na mtoto akikataa, basi kitendo hicho hakifanywi siku hiyo. Milango iwe wazi, na mzazi yeyote aruhusiwe kuja kutazama bila ya kutoa habari. Hakuna mtoto kubaki peke yake na mwalimu, wala kupelekwa nyumbani na mwalimu peke yake. Simu za kupigia picha zizimwe wakati wa somo. Sura za watoto wetu si bidhaa ya kusambazwa.

Kwa likizo ya majuma manane, somo moja au mawili kwa juma, mpango waweza kuwa hivi. Majuma mawili ya kwanza ni kuanguka, kubingirika na vitambaa. La tatu na la nne ni kichwangomba, mpira mmoja na miwili, na fimbo juu ya kiganja. La tano na la sita ni mipira mitatu, mizani ya watu wawili, na mnara wa watatu kwa walio tayari. La saba kila mtoto achague lake na alisafishe. La nane ni maonyesho kwa wazazi. Katika maonyesho hayo sharti ni moja: hakuna kitendo kipya. Mtoto aonyeshe alichokifanya sawasawa mara nyingi, si anachotumaini kitampa makofi. Ajali nyingi hutokea siku ambayo watu wamejaa na moyo unakwenda mbio. Na kila mtoto awe na nafasi, hata ikiwa ni kurusha kitambaa kimoja na kuinamisha kichwa kwa adabu.

Tumalizie kwa neno juu ya fedha, maana tunajua tunaishi wapi. Mtoto akiwa hodari, huenda akatokea mtu akataka kumchukua kwenda kucheza usiku mbele ya wageni kwa malipo. Jueni kwamba Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamkinga mtoto na kazi zenye madhara na unyonyaji. Usingizi wake, shule yake na madrasa yake havina bei. Akishakuwa mtu mzima na akataka kuifanya sarakasi kuwa riziki yake, hiyo ni hiari yake, na wapo Wakenya wanaoishi kwa kazi hiyo. Leo ni mtoto, anajifunza.

Basi, mama zetu, hamhitaji kuwa wajuzi wa sarakasi ili muyapime masomo haya. Nendeni siku moja mkae pembeni. Mtakapoona mwalimu anamfunza mtoto jambo lolote, liwe la kuruka, la kupanda au la kusimama juu ya kamba, mfuateni kwa upole mumuulize suali moja tu: “Mwalimu, mwanangu atashukaje?” Akiwa na jibu, na akawaonyesha hatua kwa hatua, mwacheni mwana acheze. Akicheka, au akasema atajua mwenyewe akifika, mshikeni mkono mwanenu mwende zenu. Ufuko ni mpana, na mwalimu mwengine atapatikana.

Mungu awahifadhi watoto wetu na atuwafikishe kuwalea kwa hekima. Tukutane juma lijalo, inshaallah.